Jina la Kwenye Faili

Kijiko kilianguka upande wa pili wa ukuta. Kilidunda mara mbili kwenye sakafu ya saruji, kikajizungusha, kikatulia.

Katibu alifumbua macho gizani, akasubiri. Katika nyumba ile ya vyumba sita, hakuna kitu kilichowahi kuanguka chumbani kwa Redio kikaachwa hivihivi bila kusemwa. Kijiko kingetukanwa. Kingeulizwa kimetumwa na nani saa hizi, wakati watu na heshima zao ndio kwanza wameupata usingizi. Kisha Redio angecheka mwenyewe, angekumbuka kijiko kingine cha mama yake wa kambo, na kutoka hapo angeingia kwenye mbuzi wa baba yake aliyekula cheti cha shule cha kaka mtu, mpaka wenzake wapige ukuta kumwomba awahurumie.

Hakuna sauti iliyokuja.

"Redio," Katibu aliita, mdomo karibu na ukuta, kwa sauti ndogo ili asimwamshe mwanawe aliyelala ubavuni. "We dada, umeishiwa betri?"

Alijibiwa na mkwaruzo, kama mtu anayeburuta gunia.

Alijinasua kutoka kwenye mkono wa mtoto, kidole kimoja baada ya kingine, akajitupia khanga akatoka. Mlango wa Redio ulikuwa umerudishiwa tu. Taa ilikuwa inawaka. Sufuria ya chai ilikuwa jikoni, maji hayajapata hata moto, na Redio alikuwa chini, kati ya jiko na kitanda, magoti yamefika kidevuni. Bado alikuwa na gauni la kazini, lile la kijani, na kiatu kimoja mguuni. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Tumbo," alisema.

Katibu alingoja mengine. Hayakuja. Redio, ambaye angeweza kuchukua nusu saa kukueleza alivyonunua kiberiti, alikuwa amesema neno moja na kufunga macho. Neno hilo moja ndilo lililomtoa Katibu mbio hadi mlango wa tatu, akaugonga kwa viganja vyote viwili.

"Kamanda! Amka! Redio anakufa!"

"Wote tunakufa," sauti nzito ya kike ilijibu. "Mwambie asubiri nivae."

Lakini alipomwona hakutania tena. Kamanda alikuwa amebeba magunia ya mkaa miaka minane kabla ya kuingia kwenye kazi hii, na alimnyanyua Redio kama mtu anavyomnyanyua mtoto aliyesinzia kwenye kochi. Katibu akamwacha mwanawe kwa jirani wa chumba cha mwisho. Dereva wa teksi wa pale kona, ambaye siku zote huwaongezea nauli kwa kuwa anajua wanakokwenda, safari hii hakutaja bei. Alimtazama Redio mara moja kwenye kioo, akawasha gari. Kulikuwa kunaanza kupambazuka.

"Jina la mgonjwa?" aliuliza muuguzi wa mapokezi, kalamu juu ya fomu.

"Redio," alisema Kamanda.

Kalamu haikugusa karatasi. "Nimeuliza jina."

Kamanda akamtazama Katibu. Katibu akamtazama Kamanda. Nyuma yao kitanda cha magurudumu kilikuwa kinasukumwa kupita mlango wenye pazia, na mguu wa Redio usio na kiatu ulichungulia nje ya shuka.

"Ni nani wenu?"

"Dada yangu," alisema Katibu.

"Dada yako, na hujui anaitwa nani?"

Watu kwenye benchi waligeuka. Katibu alisikia masikio yake yakipata moto. Angeweza kumwambia muuguzi yule mambo mengi. Kwamba Redio halali bila soksi, hata kipindi cha joto. Kwamba anaogopa paka. Kwamba ndiye anayewafundisha wageni wa kazi kumtazama mtu mikono kabla ya kumtazama sura, kukaa upande wa mlango, kuacha pochi nyumbani na kuvaa filimbi shingoni. Kwamba askari walipowazoa mwaka juzi, ndiye aliyekaa mahabusu siku mbili akiwasimulia wenzake habari za mbuzi hadi wakasahau kulia. Hayo yote alikuwa nayo. Jina hakuwa nalo.

Hakuna aliyekuwa nalo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao ya kwanza, na Katibu mwenyewe ndiye aliyeitunga. Kazini kila mtu alikuja na jina la kazini, kama fundi anavyokuja na ovaroli yake, na lile la nyumbani alilivua mlangoni. Kumwuliza mwenzako jina lake la kweli ilikuwa sawa na kumfungulia mlango akiwa anaoga.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Walipoanzisha chama chao, wanawake kumi na tisa, Katibu alinunua daftari gumu la jalada jekundu. Alikuwa darasa la tatu la masomo ya jioni na mwandiko wake ulikuwa umeanza kunyooka, naye akauonea fahari. Akaandika jina la kweli, jina la kazini, ndugu wa kupigiwa simu. Daftari hilo liliwafaa. Wakiwa nalo mkononi walikwenda kuzungumza na hospitali, wakapewa Jumatano yao: chumba cha nyuma, muuguzi mmoja asiyekunja uso, vipimo, na kondomu za kutosha bila kuhojiwa. Kisha wenzao wa upande wa pili wa mji wakavamiwa. Askari walitoa kondomu kwenye mikoba yao wakaziita ushahidi, wakaondoka na daftari lao pia, na baada ya wiki moja majina yakaanza kusomwa kwa wenye nyumba, kwa walimu wakuu, kwa kaka na wajomba. Mmoja alirudi kutoka sokoni akakuta godoro lake barabarani na watoto wamekaa juu yake.

Jioni hiyohiyo Katibu alilichana daftari jekundu karatasi kwa karatasi juu ya jiko la mkaa, wote wakitazama. Walipiga makofi. Hospitali ikakubali kuwapa namba badala ya majina.

Redio alikuja baada ya hapo. Siku ya kwanza, akiwa bado ameshika begi lake mkononi, alifungua mdomo kujitambulisha. "Mimi naitwa..." Na Katibu akamziba mdomo kwa kiganja, akicheka. "Sisi hapa hatutaki kujua, dada. Tuchagulie jingine." Hata jingine Redio hakulichagua, alikuwa ameanza kuongea, nalo likamwangukia lenyewe.

"Ana kadi ya Jumatano," Katibu alisema sasa. "Namba ishirini na nne."

"Aa," alisema muuguzi, na kalamu ikashuka. "Kumbe ni nyinyi wa Jumatano." Akaandika namba mahali pa jina, na hakumtazama tena.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alitoka nyuma ya pazia akivua glavu, akazungumza nao wakiwa wamesimama.

"Mimba imetunga nje ya mji wa mimba, na mrija umepasuka. Damu inavujia tumboni. Lazima nimpasue. Ana kovu la zamani. Alipasuliwa wapi?"

"Hapahapa," alisema Katibu. "Alipojifungua. Miaka saba sasa."

"Mlikuwepo?"

"Ametusimulia. Mara mia. Alisema dawa ya usingizi ilitaka kwenda naye. Alivimba hadi macho yakapotea, moyo ukasimama, wakamrudisha. Daktari akaandika kwenye faili kwa kalamu nyekundu kwamba asipewe tena dawa ile maisha yake yote."

"Dawa ipi?"

Katibu aliitafuta kichwani, kwenye ile hadithi aliyoisikia mara mia. Redio alikuwa ameeleza rangi ya mapazia. Alikuwa ameeleza viatu vya daktari na jinsi vilivyolia vikitembea. Dawa hakuwahi kuitaja.

"Ninazo mbili tu za kumlaza," alisema daktari. "Moja inaweza kuwa ndiyo hiyo. Yeye mwenyewe hajitambui, hawezi kuniambia. Faili lipo stoo, na stoo imepangwa kwa majina. Nitamwongezea damu, nitamshikilia. Nawapa saa moja. Baada ya hapo nitaingia, na nitachagua mwenyewe."

Hakupandisha sauti. Aliangalia saa ya ukutani kuhakikisha nao wameiona, akarudi nyuma ya pazia.

"Nakwenda kupekua chumba," alisema Kamanda.

"Utapata nini? Kitambulisho chake kilibaki kituoni mwaka juzi, hakijarudi mpaka leo. Simu ameifunga."

"Nitapekua hivyohivyo. Siwezi kukaa."

Katibu alibaki amesimama. Kulikuwa na mtu mmoja wa kuulizwa, na alikuwa ng'ambo ya reli.

Kila Jumapili Redio alifuta rangi ya midomo, akavaa gauni refu la maua, akavuka reli kwenda kumwona bintiye kwa bibi mlezi. Aliwasimulia kwamba huko usingizi humchukua, na bintiye humwamsha kwa kumwambia kumekucha, hata ikiwa mchana. Hakuna mwenzake aliyewahi kukanyaga kule. Hiyo nayo ilikuwa sheria, na safari hii mtungaji alikuwa Redio. Kamanda aliwahi kujitolea kumsindikiza siku ya mvua, na Redio, kwa mara ya pekee, alijibu kwa ufupi. "Kazi yangu haivuki reli."

Katibu alinawa uso kwenye bomba la nje, akajitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa, akaifunga khanga vizuri juu ya nguo ya kulalia. Kisha akasimamisha pikipiki, akamwelekeza dereva kwa jinsi Redio alivyokuwa akiisimulia nyumba ya bibi.

Bibi mlezi alikuwa kwenye kibaraza, akiwafunga watoto wanne vifungo vya sare, mmoja baada ya mwingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Macho ya bibi yalishuka hadi kwenye kandambili zake, yakapanda. "Umetoka kwa mama yake nani?"

"Yule anayeongea sana."

Bibi alicheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka, akawaambia watoto wengine watatu watangulie shuleni.

"Yu mzima?"

"Anapasuliwa tumbo, bibi. Ila hospitali wanataka jina lake, na sisi wenzake hatulijui."

"Mimi ningelijulia wapi?" Bibi alikunjua mikono yake juu ya magoti. "Sijawahi kumwuliza. Nani angeniachia watoto kama ningekuwa mwulizaji?"

"Na shuleni?"

"Shuleni mtoto kaandikwa jina la marehemu mume wangu. Pale ni mjukuu wangu, imekwisha."

"Mama yuko wapi?"

Binti wa Redio alikuwa amesimama mlangoni na mkoba mgongoni. Alikuwa na paji la uso la mama yake, na pengo mbele mahali meno mawili yalipong'oka. Katibu akachuchumaa ili macho yao yalingane. Alikuwa amejifunza kuchuchumaa hivyo kwa mwanawe mwenyewe. Mtoto akikutazama macho kwa macho haogopi sana.

"Mama anaumwa tumbo. Yuko hospitali, na daktari anataka kumtibu. Lakini kwanza anahitaji jina lake. Wewe unalijua?"

"Ndiyo."

"Anaitwa nani?"

Mtoto alifunga mdomo. Ulimi ukaonekana ukisukuma pengo kwa ndani.

"Nimekatazwa kusema. Mpaka nipotee. Au niulizwe na daktari."

"Mimi ni rafiki yake. Tunakaa nyumba moja. Namjua sana."

"Kama unamjua sana," mtoto alisema, bila ukorofi wowote, "si ungelijua jina lake?"

Bibi aliinama ghafla, akaanza kutafuta kifungo chini ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Basi twende kwa daktari," alisema Katibu. "Ukamwambie mwenyewe."

Kwenye pikipiki mtoto alikaa katikati, kati ya dereva na kifua cha Katibu. Walipita reli. Katibu alikuwa anamtoa mtoto ng'ambo ile ambako mama yake alikuwa amemhifadhi miaka saba, na anampeleka moja kwa moja mahali ambapo mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kuitaja kazi ya mama yake.

"Ameungua?" mtoto aliuliza, akipigana na upepo.

"Kwa nini aungue?"

"Kwenye tanuri. Kazini kwake wanaoka mikate, usiku. Mikate ya watu wote wa mjini."

"Hapana. Hajaungua."

"Na wewe unaoka?"

Katibu aliwaza. "Mimi nasoma," alisema. "Masomo ya jioni."

"Mkubwa hivyo?"

"Mkubwa hivi."

"Darasa la ngapi?"

"La sita."

"Mimi la pili," alisema mtoto, na baada ya kufikiri akaongeza kwa upole, "Usijali, utamaliza."

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na mbili. Daktari aliitwa, akaja, akapiga goti moja sakafuni bila kuulizwa. Mtoto alimtazama koti lake, akamtazama na kile kifaa kilichoning'inia shingoni, akaridhika. Akaweka viganja vyake viwili kwenye sikio la daktari, akalitaja jina. Daktari akalirudia polepole sikioni mwa mtoto. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Daktari akaliandika kwenye kipande cha karatasi, pembeni mwa ile namba ishirini na nne, akamkabidhi Katibu.

Katibu hakulisoma. Alikimbia nalo hadi dirisha la mafaili, mtoto akimfuata kwa hatua fupifupi.

"Ni la lini?" aliuliza karani, mwanaume mwenye sweta lililochakaa viwiko.

"Miaka saba."

"Hayo yako stoo ya zamani. Njoo mchana."

"Mchana atakuwa amekufa."

Karani aliivuta karatasi kwa kidole kimoja. Aliona namba. "Hawa wa Jumatano si wana kabati lao? Dada, nyinyi mnaoji..."

"Kaka," alisema Katibu. "Kuna mtoto."

Karani aliinua shingo. Ng'ambo ya kaunta aliona paji la uso na macho mawili, na vidole vinane vimeshika ukingo wa mbao. Neno lililokuwa njiani likarudi lilikotoka. Akakohoa.

"Ulizaliwa hapa, mdogo wangu?"

"Ndiyo."

"Mwezi gani?"

Mtoto akamtajia, na tarehe, na kwamba ilikuwa siku ya mvua kubwa, kama alivyoambiwa. Karani akachukua funguo kwenye msumari.

Walimsikia akivuta maboksi. Boksi moja lilianguka, naye akalisema peke yake kwa hasira. Saa ya ukutani hapo nje ilikuwa kubwa na ya kelele. Katibu alijikuta ameshika mkono wa mtoto, au mtoto ndiye aliyemshika, hakujua. Alikumbuka kiganja chake mwenyewe juu ya mdomo wa Redio, siku ile ya begi, na pumzi ya moto ya neno lililokatizwa. Alikuwa amecheka. Alidhani anamlinda.

Karani alitoka na vumbi kichwani na faili lililofungwa uzi. "Wenye jina hilo ni wengi. Huo mwezi ndio umenisaidia," alisema akitazama chini. "Kimbia. Utatia saini baadaye."

Kwenye jalada la ndani maandishi mekundu yalikuwa yamepauka, lakini yalisomeka. Daktari aliyasoma mara mbili. Kisha akamgeukia msaidizi wake.

"Ile sindano uliyoandaa, irudishe," alisema. "Tutatumia nyingine."

Milango miwili ya chumba cha upasuaji ikafunguka, ikajifunga.

Kamanda alirudi na kiatu cha pili cha Redio na mkate mzima. Kiatu hicho ndicho pekee alichokipata kwenye upekuzi wake wote. Alipomwona mtoto kwenye benchi alisimama katikati ya hatua, akavuta kola ya blauzi yake ifike shingoni.

"Huyu ni...?"

"Ndiye."

"Karibu mkate, mama," alisema Kamanda, akimega kipande kikubwa mno.

Mtoto alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa. "Umeoka wewe?"

"Nini?"

Katibu alimkazia Kamanda macho. Kamanda hakuelewa kitu, lakini alikuwa mzoefu wa kukaziwa macho.

"Mimi?" alisema. "Mimi hata maji ya kuoga nayaunguza."

Mtoto alicheka, pengo likaonekana lote, na kwa nukta moja mwanamke mwingine kabisa alikuwa amekaa kwenye benchi lile akijichekea mwenyewe. Kamanda akageuka kutazama ukuta.

Wenzao wengine wawili walikuja jua likiwa limekwishapanda, nyuso zimeoshwa, vitambaa kichwani, wakakaa kimya kama waliokuja kuomba kazi. Mtoto alisinzia, kichwa kwenye mapaja ya Katibu. Watu walipita na ndoo, na vyeti, na wagonjwa wao. Hakuna aliyewatazama sana.

"Katibu," alisema Kamanda kwa sauti ya chini.

"Ee."

"Ningekuwa mimi mle ndani leo, ungekimbilia wapi? Mimi sina mtoto."

Kamanda akasogea, akaegemeza bega lake zito, na akasema sikioni mwake jina. Majina mawili, lake na la baba yake. Kisha mahali basi linaposimama, na duka lenye mlango wa bluu, kwa sababu mama yake hana simu lakini mwenye duka anayo.

"Usiandike."

"Siandiki."

Alilirudia kichwani jinsi alivyokuwa akirudia jedwali la kuzidisha akitembea kutoka darasani, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi likakaa. Wengine wawili walikuwa wameona. Mmoja akaja, akachuchumaa mbele yake kana kwamba anafunga kiatu. "Usinicheke," alitangulia kusema, "ni la bibi yangu, mtu wa zamani." Mwingine alisema lake haraka, akaondoka kwenda kunywa maji, akarudi kurekebisha: ndugu wa kupigiwa asiwe kaka, awe dada. Kaka asijue kamwe.

"Na lako?" Kamanda aliuliza.

Katibu alifungua mdomo, akashangaa jinsi lilivyokuwa mbali. Liliishi kwenye orodha ya mahudhurio ya masomo ya jioni tu, na mwalimu alilisoma vibaya. Alilitoa polepole.

Kamanda aliliweka mdomoni, akaligeuza. "Zuri. Linakufaa kuliko Katibu."

"Lako halikufai hata kidogo."

"Najua," alisema Kamanda. "Ndiyo maana nilikimbia."

Jua lilikuwa limefika katikati ya dirisha pale muuguzi mwingine, mama mtu mzima, alipofungua mlango. Operesheni ilikuwa imekwisha, alisema. Damu imeacha kuvuja. Moyo unakwenda vizuri. Ila mgonjwa angekuwa amekwishaamka kwa saa hii, na hajaamka.

"Wengine huja wakisikia sauti wanayoijua. Nani anamjua zaidi?"

Wote wanne walimtazama mtoto, aliyekuwa anakaa sawasawa akifikicha macho, na alama ya mkunjo wa khanga shavuni.

"Watoto hawaruhusiwi," alisema muuguzi. Alisimama na mlango mkononi. "Avue viatu. Na mtu mzima mmoja."

Chumba kilikuwa cheupe na chenye baridi. Redio alionekana mdogo kuliko Katibu alivyomzoea, kana kwamba maneno ndiyo yaliyokuwa yanamjaza. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, umekauka. Mpira mwembamba ulishuka kutoka kwenye chupa hadi mkononi, tone, tone.

Muuguzi alisoma kwenye faili, akainama, akaita. Ndivyo Katibu alivyolisikia kwa mara ya kwanza: jina la kawaida kabisa, la mtu uliyesoma naye, la mtu anayekuuzia nyanya. Muuguzi aliita mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi. Kope hazikucheza.

"Mwite na wewe, dada."

Katibu alikaribia. Jina la kazini hakuweza kulitaja, kwa sababu ya mtoto. Lile lingine hakuona kama ana haki nalo bado. Akamshika Redio kidole kimoja, kile cha mwisho, ambacho hakikuwa na sindano wala plasta. Kilikuwa na uvuguvugu.

Kulikuwa na kigoda cha chuma karibu na kitanda. Mtoto alikivuta, kikakwaruza sakafu, akapanda na soksi zake za shule. Alimtazama mama yake kutoka juu, kwa muda, kama mtu anayepima kama maji ni ya moto. Akamwondolea unywele uliokuwa umegandia kwenye paji la uso. Kisha akainama, na kwa sauti kamili, bila kunong'ona, akasema:

"Mama, kumekucha."